Tapeli wa Simu Huishi kwa Woga wa Mtumishi

Kwa muda mrefu imekuwa desturi ya watu waliopata elimu kumcheka mkulima anayetapeliwa kwa simu. Ikisikika ofisini mjini Mpanda, saa ya chai, kwamba mzee fulani wa Majimoto au wa Kabungu ametuma fedha zake za mpunga kwa mtu asiyemjua, watu hutikisa vichwa, na mmoja wao husema kwamba ujinga ni adui mkubwa. Kisha kila mmoja hurudi mezani kwake akiamini kuwa maradhi hayo ni ya watu wa vijijini. Imani hiyo haina msingi. Tapeli wa simu hamwogopi msomi hata kidogo. Katika aina moja ya wizi wake, ambayo ndiyo kubwa kwa watu wa mishahara, humtafuta msomi kwanza, kwa kuwa mkulima hana mkubwa wa kumtii kila asubuhi, na mtumishi anaye.

Hebu itazamwe hali ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyoko mbali na makao makuu ya wilaya, tuseme katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, upande wa Karema au Ikola. Saa nne asubuhi simu yake inalia. Anayezungumza ana sauti nzito, ya haraka, isiyosubiri salamu iishe. Anajitambulisha kuwa ni ofisa kutoka mkoani, au kutoka TAMISEMI, Dodoma. Anamtaja mwalimu kwa majina yake matatu, anaitaja shule yake, na pengine anamtaja hata mwalimu mkuu aliyemtangulia. Anasema kuwa jina la mwalimu limo katika orodha ya watakaohudhuria semina, kwamba posho imekwisha kupitishwa, lakini kuna kasoro ndogo katika taarifa zake na yatakiwa fedha kidogo za kurekebisha kabla ya saa sita, wakati orodha itakapofungwa. Halafu anaongeza maneno mawili: “Usikate simu.” Mwalimu hakati.

Kwa nini hakati? Akili anayo, na chuo amepita. Hakati kwa sababu simu nyingi za kweli anazozipokea kutoka juu zinafanana na hiyo. Takwimu za madawati zatakiwa leo leo kabla ya saa nane. Majina ya wanafunzi yatakiwa sasa hivi. Taarifa iliyotumwa juzi haionekani, itumwe upya, na asiyetuma atajieleza kwa maandishi. Mtumishi aliyeishi miaka kumi chini ya amri za namna hiyo amekwisha kufundishwa kutii kwanza na kuuliza baadaye, na mara nyingi kutouliza kabisa. Tapeli hakuivumbua sauti ile. Ameiiga tu, kama mtoto anavyoiga mwendo wa baba yake.

Na habari anazozijua juu ya mwalimu wala hazikupatikana kwa uchawi. Majina ya waajiriwa wapya na vituo walivyopangiwa hutangazwa hadharani, kama inavyopasa katika nchi inayoajiri kwa haki. Namba za simu za wakuu wa shule zimeandikwa katika mabango na katika barua za kujiunga. Makundi ya WhatsApp ya watumishi yana mamia ya watu, na ni nadra kumpata anayejua kila aliyemo. Mwenye nia mbaya akikaa humo juma moja akisoma tu, atajua nani anaumwa, nani anadai malimbikizo, na nani anahangaika kumfuata mume wake Mbeya.

Huyo wa mwisho ndiye windo zuri kuliko wote. Mkoa wa Katavi uko mbali na mikoa mingi wanakotoka watumishi wake. Uliundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, na kwa miaka mingi Mpanda ilifikiwa kwa reli ya tawi la Kaliua na kwa barabara za vumbi. Ni mwaka 2022 ndipo barabara ya lami kutoka Tabora ilipozinduliwa. Mtumishi kijana anayepangiwa kazi Mishamo au Inyonga, mwenye mchumba Moshi na mama mgonjwa Lindi, hutamani uhamisho kama mfungwa anavyotamani mlango. Basi hutokea mtu simuni asemaye kuwa anaweza kuuharakisha. Hataki fedha nyingi, anataka ‘ya chai’ ya karani anayegonga muhuri. Maombi ya uhamisho siku hizi hupitia mfumo wa ESS, ambao mtumishi huingia mwenyewe kwa namba yake ya siri, na hakuna karani wa pembeni mwenye muhuri wa kuuzwa. Lakini anayetuma fedha hizo anajua moyoni kwamba anajaribu kuruka foleni. Akitapeliwa, hawezi kwenda polisi kusema kuwa aliibiwa rushwa aliyokuwa akiitoa. Tapeli analijua hilo tangu mwanzo, na ndiyo sababu amechagua mlango huo.

Mambo ni hayo hayo kwa vijana wanaongojea ajira. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma imetangaza tena na tena kwamba nafasi za kazi haziuzwi, na bado zipo familia zinazouza ng'ombe ili kumlipa mtu wanayemjua kwa sauti tu. Tena wapo wastaafu, ambao msiba wao ni mkubwa zaidi. Mwalimu aliyefundisha miaka thelathini na mitano hukaribia kustaafu akiwa na ahadi moja tu kubwa maishani, nayo ni mafao. Mfuko wa PSSSF, uliozaliwa mwaka 2018 kwa kuunganishwa mifuko ya watumishi wa umma, umewaonya wanachama wake mara nyingi juu ya watu wanaowapigia wastaafu wakidai kwamba faili limekwama na lahitaji fedha ili lisogee. Mafao hayalipiwi. Lakini mzee ambaye katika utumishi wake wote aliona mafaili yakikwama kwelikweli, atashangaa nini akisikia kuwa na lake limekwama?

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Mtaji wa tapeli wa watumishi ni vitu viwili: ukubwa wa wakubwa na ukimya wa wadogo. Mahali ambapo mdogo anaweza kumpigia mkubwa na kumwuliza, “Mzee, ni wewe uliyenipigia sasa hivi?” bila kukemewa, tapeli huyo hana kazi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu chake cha 15, ulimkataza kiongozi wa Tanzania kuwa na majivuno, dharau na ukandamizaji kwa wale anaowaongoza, na ukataka juhudi ya makusudi ifanywe kujenga usawa baina yao. Wakati ule hakuna aliyewaza simu ya mkononi. Hata hivyo, kifungu hicho kingetekelezwa kwa ukamilifu katika kila idara, kingezuia wizi huu kuliko mtambo wowote.

Wakubwa wengine, bila kukusudia, wanamfanyia tapeli kazi. Ziko ofisi ambamo michango ya mahafali, ya misiba na ya mapokezi ya wageni hudaiwa kwa ujumbe wa simu, na fedha hutakiwa kutumwa katika laini ya mtu binafsi anayeitwa mweka hazina, tena kwa tangazo kwamba orodha ya wasiotoa itasomwa jioni. Mtumishi aliyezoezwa kutuma fedha kwa namba asiyoijua, kwa amri ya ujumbe usio na sahihi, kwa kuogopa orodha, ameandaliwa vizuri. Siku ambayo mwizi ataandika ujumbe wa namna ile ile, kwa lugha ile ile, hakuna kitakachomtofautisha na mweka hazina.

Kwa hiyo haishangazi kwamba wezi hupenda sana kujivika sura za wakubwa. Katika Facebook zimeonekana kurasa za bandia zenye picha za viongozi wa kitaifa, zikiahidi mikopo isiyo na riba kwa atakayetanguliza fedha za fomu. Namna nyingine ni kuiteka akaunti ya WhatsApp ya mkuu wa ofisi. Mtu humwandikia akimwomba amsomee tarakimu sita zilizoingia simuni mwake ‘kwa makosa’, na akizisoma tu, akaunti imehama. Baada ya dakika chache walimu wote walio chini yake wanapokea ombi kutoka kwa jina lake na picha yake: amekwama mahali, anaomba laki mbili hadi jioni. Ni mwalimu gani wa ajira mpya atakayemnyima mkuu wake laki mbili?

Wizi mwingine hautegemei ukubwa, nao unaeleweka kwa haraka. Upo ujumbe mfupi ambao kila Mtanzania mwenye simu ameupata, unaosema ile hela itumwe katika namba hii, jina litakuja fulani. Hutumwa kwa maelfu ya watu, na mwandishi wake hamjui hata mmoja. Hutegemea bahati kwamba miongoni mwa maelfu hao yupo mtu ambaye saa hiyo hiyo anajiandaa kutuma kodi ya nyumba au ada ya mtoto. Upo pia wa fedha ‘zilizokosewa’: ujumbe wa kughushi huingia ukiwa na maandishi kama ya kampuni ya simu, na papo hapo mtu hupiga akilia kwamba arudishiwe fedha za mgonjwa. Dawa yake ni kutazama salio katika menyu yenyewe ya simu, kwani ujumbe huweza kughushiwa na salio haliwezi. Kama kweli fedha zimekosewa, mwenye kukosea ana kampuni yake, na namba 100 ya huduma kwa wateja ndiyo inayoshughulikia marejesho. Na hakuna mhudumu wa kweli anayeuliza namba ya siri.

Wako wanaodhani kwamba maovu haya yaliletwa na simu. Mwishoni mwa karne ya 19 zilienea Ulaya na Marekani barua zilizojulikana kama za mfungwa wa Hispania. Tajiri amefungwa, ana hazina iliyofichwa, anahitaji fedha kidogo za kumtoa, na atakayemsaidia atapata fungu nono, kwa sharti kwamba asimwambie mtu na asikawie. Siri na haraka, mambo yale yale mawili. Simu imepunguza gharama ya stempu tu. Wala haifai kuilaani, kwa sababu kabla ya M-Pesa kuingia Tanzania mwaka 2008 na huduma nyingine kuifuata, mwalimu wa Karema alisafiri zaidi ya kilometa 100 hadi Mpanda ili kuufuata mshahara wake, na darasa likabaki bila mtu.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, basi wezi wanapata wapi laini? Usajili huo ulianza mwaka 2019 kwa kutumia namba ya kitambulisho cha Taifa, na baada ya muda kuongezwa hadi tarehe 20 Januari 2020, laini zisizosajiliwa zilianza kufungwa. Ulikuwa uamuzi wa maana. Lakini mwizi hatumii kidole chake. Mama mmoja huenda gulioni kununua laini, kijana mwenye kimashine humwambia abonyeze kidole, kisha humwambia mtandao umegoma, abonyeze tena. Bonyezo la kwanza limesajili laini ya mama. La pili limesajili laini nyingine, ambayo itauzwa jioni kwa mtu asiyetaka kujulikana. Mtumishi anapotuma fedha zake kwa tapeli na kuona jina la mwanamke simuni, jina hilo mara nyingi ni la mtu halisi, asiye na habari, na ambaye polisi watamgongea mlango.

Ulinzi dhidi ya hila hiyo hauhitaji elimu kubwa. Mtu akibonyeza *106# ataona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na akikuta asiyoitambua ataitaka kampuni iifunge. Mwalimu mmoja katika kijiji, akiwa na mchana mmoja wa Jumamosi, angeweza kuwafanyia hivyo wazee wote wa kitongoji chake. Ingekuwa kazi ya heshima kuliko kuwacheka.

Kuhusu mahali wezi walipo, taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, za mwaka 2024 na 2025 ziliutaja mkoa wa Rukwa, pamoja na Morogoro, kuwa ndiyo inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai wa simu. Wapo watu wa Mpanda watakaosoma hivyo na kushusha pumzi kwamba hapo ni Sumbawanga, sio kwao. Mpanda ilikuwa wilaya ya Rukwa hadi juzi tu, watu ni wale wale, mabasi ni yale yale, na wimbi la redio halisimami mpakani kuulizwa kibali. Kenya nao walijua mapema jinsi eneo dogo linavyoweza kuharibikiwa: Mulot, mji mdogo ulioko mpakani mwa Bomet na Narok, ulipata sifa mbaya nchi nzima kwa vijana wake waliobobea katika kuteka laini za watu na kukomba akaunti zao. Vijana wakishaona wenzao wakijenga nyumba kwa kazi hiyo, jembe halina tena mvuto. Katavi yenye mpunga, tumbaku, dhahabu na wageni wengi, iliyokuwa na watu 564,604 katika sensa ya mwaka 2012 na ikafika 1,152,958 katika ile ya mwaka 2022, haina kinga ya kuzaliwa nayo.

Linabaki jambo la aibu, ambalo huenda ndilo zito kuliko yote. Mkulima akiibiwa hulia mbele ya watu, na kijiji kizima hujua, na jioni ile ile kila mtu amejihadhari. Mtumishi akiibiwa hunyamaza. Hamwambii mkewe, kwa kuwa fedha zilikuwa za ada. Hawaambii wenzake, kwa kuwa jana yake aliwacheka wengine. Kuziba pengo, huenda kwa mkopeshaji wa ‘kausha damu’ na kumwachia kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri, au hukopa katika simu kwa wakopeshaji wasio na leseni, wa aina ile ambayo Benki Kuu iliorodhesha majukwaa yao 69 mwezi Novemba 2024 na kuyapiga marufuku. Miezi sita baadaye mwalimu huyo anaingia darasani bila nguvu, na hakuna anayejua kwamba mzizi wake ulikuwa simu ya saa nne asubuhi.

Ukimya huo ni hasara kwa wengine pia. Ujumbe wa kitapeli ukipelekwa katika namba 15040 ya TCRA, pamoja na namba iliyoutuma, laini hiyo huweza kufungwa. Usipopelekwa, laini ile ile itampigia mwalimu wa shule ya jirani kabla ya adhuhuri. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhesabu kuwa mhalifu anayelaghai kwa kompyuta au simu na anayejifanya mtu mwingine, lakini sheria haiwezi kumkamata mtu ambaye hakuna aliyemshitaki.

Hata katika michezo ya upatu hali ilikuwa hivyo. Mwaka 2009 Serikali ilipoizuia DECI, iliyowataka watu wapande fedha na kuvuna maradufu, wengi waliogopa kujitokeza. Viongozi wake walitiwa hatiani katika Mahakama ya Kisutu mwaka 2013. Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 2025, mchezo ukarudi simuni kwa jina la LBL, watu wakiahidiwa malipo kwa kutazama video. Laiti walioumizwa na DECI wangalisimulia kwa sauti kubwa zaidi, pengine watoto wao wangalisikia.

Halmashauri tano za Mkoa wa Katavi, yaani Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe, zinaweza kufanya jambo moja bila fungu la bajeti. Kila mkurugenzi atoe waraka wa mistari michache: kwamba hakuna agizo la fedha litakalotolewa kwa simu wala kwa ujumbe wa WhatsApp, kwamba michango ya hiari itapokelewa kwa stakabadhi, na kwamba mtumishi anayepigiwa na mtu anayejiita mkubwa ana ruhusa, tena ana wajibu, wa kukata simu na kumpigia mkubwa huyo kwa namba anayoijua, au kumwuliza ofisa elimu wa kata yake, na hatakemewa kwa kufanya hivyo hata kama aliyempigia alikuwa mkubwa wa kweli. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo itakayowauma baadhi ya wakubwa, na ndiyo isiyofaa kuondolewa. Waraka huo ubandikwe katika kila shule, na namba 15040 iandikwe kwa chaki juu ya mlango wa ofisi ya walimu, kando ya ratiba.